Kabla ya kutoa arubuni, uliza unauziwa nini

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu ni nahodha wa mashua. Tunapanga nyumba ya vyumba viwili Barani, Malindi, kodi Sh8,000 kwa mwezi, na sasa tumechoka. Tuna akiba ya Sh700,000 kwenye sacco. Tumeonyeshwa nyumba tatu. Ya kwanza iko Kisumu Ndogo, hapahapa Malindi, Sh900,000. Dalali anasema ni nyumba bila ardhi lakini tusiwe na wasiwasi. Ya pili kuta zimefika lenta, juu ya milango na madirisha, iko kwenye ploti ya 50 kwa 100 upande wa Ganda, Sh1,400,000. Ya tatu ni ya marehemu bibi yake mume wangu, Mkomani, Lamu. Ami yake yuko tayari kutuuzia fungu lake kwa Sh500,000. Tujitayarishe vipi, na tushike ipi? – Mpangaji wa Barani

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Umenitajia bei tatu na mitaa mitatu, ila karatasi hukutaja hata moja. Sikulaumu, ndivyo madalali wetu wanavyouza. Kwanza unaonyeshwa ukumbi, mwembe ulio nyuma ya nyumba na urahisi wa kupata tuktuk, na moyo ukishahamia ndipo unaposikia habari za hati. Mimi ni wakili, na kazi yangu ya kila siku ni mauzo ya ardhi na nyumba hapa Pwani. Nitakwenda kinyume cha dalali: kwanza kila muuzaji ana nini cha kuuza, halafu fedha, na kuta mwisho.

Hao watu watatu hawauzi kitu kimoja. Wa Kisumu Ndogo anauza kuta na paa. Wa Ganda anauza ardhi, lakini hatujajua kama ploti hiyo imeshakatwa na ina namba yake. Ami anauza fungu katika mirathi ambayo, kwa maelezo yako, haijagawanywa. Kwa hiyo usiziweke bei hizo tatu kwenye mstari mmoja ukasema ya Mkomani ndiyo rahisi.

Tuanze na Kisumu Ndogo. Nyumba bila ardhi ni mila ya zamani ya Pwani, na peke yake si utapeli. Ardhi ni ya mtu mmoja, nyumba ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwezi au kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hali hii inatokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyotungwa kwa ajili ya ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Watu walitakiwa wajitokeze kudai ardhi zao. Waliodai na kukubaliwa walipewa vyeti, ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali, na familia zilizokuwa zikiishi na kulima hapo bila habari za vyeti zikajikuta ni wageni wa mtu. Sheria hiyo ilifutwa 2012, lakini vyeti vilivyotokana nayo na makazi yaliyoota juu ya ardhi hizo vingali nasi.

Basi kwa Sh900,000 utapata matofali, mabati, milango na ruhusa ya kukaa. Hiyo ruhusa ndiyo ya kupima. Kama kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi na hakuna mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa, sheria huuona upangaji huo kuwa wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake yaweza kuwa ya mwezi mmoja tu. Mwenye ardhi akiuza au akifariki, anayechukua nafasi yake hana ahadi yoyote na wewe. Barazani utaambiwa ukikaa miaka 12 ardhi inakuwa yako. Ni kweli sheria inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwingine miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini ya mwenyewe, kwenda mahakamani kuidai. Wewe ukilipa kodi ya ardhi umeshakubali kwamba ina mwenyewe, na kila risiti unayoitunza inathibitisha kuwa unakaa kwa idhini yake. Miaka haikuhesabikii, hata ikiwa 40. Juu ya hayo, benki haitaikubali nyumba hiyo kuwa dhamana, kwa hiyo hata kuikopea baadaye uiongeze vyumba ni shida.

Fanya hesabu. Sh900,000 ukizigawanya kwa kodi unayolipa sasa ni zaidi ya miezi 112, yaani miaka tisa na ushei. Siwezi kukushauri ulipe kodi ya miaka tisa kwa mkupuo mmoja ili uishi mahali unapoweza kupewa notisi ya siku 30. Hali itabadilika kama mwenye ardhi mwenyewe, si msimamizi wake wala mtoto wake, atakubali kuja kwa wakili na kukuandikia mkataba wa kukodi ardhi wa miaka 30 au zaidi, ukasajiliwa juu ya hati yake, au akukatie na kukuuzia kipande hicho. Mpelekee neno. Akikataa, umeshajua ruhusa yake ina uzito gani.

Sasa Ganda. Hii ndiyo ningeitolea jasho, kwa sababu angalau ardhi imo ndani ya bei. Neno la kwanza kwa muuzaji liwe moja tu: naomba nakala ya hati. Atakachokuletea kitakwambia mengi. Akileta hati yenye jina lake na namba ya ploti hiyohiyo, tunaendelea. Akileta hati ya shamba zima na kusema ploti zinakatwa humo, ardhi yako bado haipo kisheria. Iko kwenye mchoro. Unaweza kuingia mkataba, lakini salio lisitoke mpaka mpimaji amalize, ramani ikubaliwe, hati mama, ile ya shamba zima, ifungwe na hati ya ploti yako itolewe. Akileta karatasi iliyoandikwa kwa chifu ikiwa na muhuri na mashahidi wanne, hiyo inaonyesha tu kwamba watu fulani walikubaliana jambo. Chifu hana daftari la ardhi, na muhuri wake hauhamishi umiliki.

Na akileta barua ya ugawaji, ile inayotolewa na ofisi ya ardhi au mradi wa makazi kabla ya hati, kuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili ambazo kila mnunuzi wa Pwani anastahili kuzijua. Ya Aprili, kesi ya Dina Management, ilihusu ardhi ya ufukweni Nyali, Mombasa. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini ugawaji wa mwanzo, wa 1989, haukufuata sheria kwa kuwa eneo lile lilikuwa la matumizi ya umma. Mahakama ilisema hati peke yake haimwokoi mnunuzi ikiwa mizizi yake ni mibovu. Ya Septemba, ya Torino Enterprises, ilikazia kwamba barua ya ugawaji si hati na haimpi mtu umiliki wa kumuuzia mwingine. Zamani tuliridhika kuona jina la muuzaji kwenye daftari. Siku hizi tunauliza pia yeye alipata kwa nani, na huyo naye alipewa na nani. Kwa jirani zetu wa Lamu hili si geni: Julai 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za ekari 500,000 hivi zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22.

Ukishapata nakala ya hati, fanya sachi, yaani ukaguzi wa daftari la ardhi, au wakili wako aifanye. Usikubali sachi aliyokuja nayo muuzaji, hata ikiwa ya wiki iliyopita. Ikitoka, isome hivi. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, na kama ni ya milele au ya kukodi kwa miaka. Ploti ya 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.046. Ukiona hekta mbili, hapo unatazama shamba zima. Sehemu ya pili ni ya mwenyewe. Linganisha jina na kitambulisho herufi kwa herufi, na namba ya kitambulisho pia, kwa sababu majina yetu ya Pwani yanafanana mno. Sehemu ya tatu watu huiruka, nayo ndiyo yenye mambo: rehani ya benki, zuio la mtu anayedai haki, amri ya mahakama. Ikiwa na chochote, simama hapo mpaka kiondolewe na uone sachi mpya. Na hata ikiwa safi, utaifanya tena siku moja au mbili kabla ya kulipa salio. Zuio linaweza kuwekwa kati ya mkataba na malipo.

Tanbihi ya Malindi: ukiona kwenye hati maneno Portion No. pamoja na namba yenye herufi CR, hiyo ni hati ya mfumo wa zamani, na kwa desturi daftari lake lilitunzwa Mombasa. Watu wamewahi kurudishwa kutoka ofisi ya Malindi wakiambiwa faili halipo, wakadhani hati ni bandia. Uliza kwanza daftari liko wapi.

Sachi haikwambii ardhi iko wapi juu ya mchanga. Kwa hilo mtafute mpimaji aliyesajiliwa. Anachukua ramani ya usajili na kwenda nayo shambani kutafuta mawe ya mpaka. Nenda naye, vaa viatu vilivyofunika vidole, na usikubali kuonyeshwa jiwe moja ukaambiwa mengine yamefunikwa na majani. Yawe manne, kila moja mahali linapotakiwa na ramani. Majirani wa pande zote waitwe washuhudie. Hapo ndipo hutokea habari ambazo hakuna daftari linalozo: kwamba njia ya kuingilia ni shamba la mtu, au kwamba kuna kaburi la familia kwenye pembe. Kama kuna kibanda na mama anapika ndani, muulize kwa heshima amekaa hapo tangu lini na kwa ruhusa ya nani. Ile miaka 12 niliyokwambia haikusaidii Kisumu Ndogo, Ganda inaweza kukudhuru.

Kwa kuwa upande ule una mashamba mengi, kuna uwezekano ardhi hiyo ingali inahesabiwa ya kilimo. Ikiwa hivyo, mauzo yanahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayoongozwa na naibu kamishna wa kaunti. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa saini. Muda ukipita bila kibali, mkataba unakufa, na kinachobaki ni kudai urudishiwe fedha zako kama mkopeshaji mwingine yeyote. Mke wa muuzaji, au wake zake, watoe ridhaa ya maandishi. Usimwachie yeye aseme "mke wangu hana neno". Aje aseme mwenyewe. Na kama muuzaji aliirithi ardhi hiyo kwa babake, jina kwenye hati liwe limeshahamia kwake. Mtoto wa marehemu hana cha kuuza kabla mirathi haijathibitishwa, hata kama amelima hapo maisha yake yote.

Mkataba wa mauzo ya ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote mbili, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Kwa kawaida arubuni ni asilimia 10, inakaa kwa wakili wa muuzaji kama amana, si mfukoni mwa muuzaji, na salio hulipwa katika siku 90. Ukiambiwa toa Sh50,000 leo "kuishikilia" kwa sababu kuna mtu wa Nairobi anakuja Jumamosi, mwache wa Nairobi aje. Huyo mtu wa Nairobi amekuwa akija kila Jumamosi tangu nianze kazi hii.

Jengo nalo lina yake. Uliza ramani ya nyumba iliyopitishwa na kaunti. Nyumba nyingi za nje ya mji hazina, na kuihalalisha baadaye kuna gharama. Kwangua chokaa kati ya tofali na tofali kwa msumari au ufunguo. Ikimomonyoka kama unga, saruji ilikuwa kidogo. Ukiona ukuta umetoa weupe wa chumvi sehemu za chini, huenda mchanga ulitoka ufukweni, na plasta juu yake haitadumu. Uliza pia bomba la maji la kampuni limefika umbali gani, na uonje maji ya kisima cha jirani kabla hujaambiwa ni matamu. Kwa kuwa kila nyumba ina shimo lake la choo, tazama shimo la jirani liko umbali gani na mahali utakapochimba kisima.

Tuje kwenye fedha, na hapa nina neno ambalo pengine halitakufurahisha. Hizo Sh700,000 za sacco si fedha za kulipia nyumba. Akiba ya sacco ni dhamana ya mkopo wako. Huwezi kuichota bila kujitoa uanachama, na ukishakopa ndiyo kabisa. Kazi yake ni kukuwezesha kukopa. Sacco nyingi hutoa hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo kwenye karatasi unaweza kufikiria Sh2,100,000, kama utapata wadhamini. Lakini mwajiri ataangalia hati yako ya mshahara. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili ya mshahara, na wewe tayari unakatwa kodi, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, asilimia 2.75 ya afya, na malipo ya uzeeni. Chukua hati ya mwezi uliopita uende nayo sacco wiki hii, wakufanyie hesabu ya mkopo unaokuingia. Omba pia ripoti yako ya CRB, shirika linalotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Kisheria unapata moja kwa mwaka bila malipo. Mkopo mdogo wa simu uliosahauliwa unaweza kukukwamisha katikati ya zile siku 90, na ukishindwa kulipa salio kwa wakati arubuni iko hatarini. Mkopo uidhinishwe kwanza, saini ije baadaye.

Hukuniambia kama shemeji, mume wako, anakubali mkopo wa riba. Kama hakubali, ziko benki zinazofuata sharia zinazonunua nyumba kwa ubia nanyi, nanyi mkanunua sehemu yake kidogo kidogo. Nazo hutaka hati safi vilevile, kwa hiyo kati ya nyumba zako tatu ni ya Ganda tu inayoweza kufika mezani kwao, tena ikiwa na namba yake.

Bei ya Ganda nayo si Sh1,400,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kama ardhi iko ndani ya manispaa, na asilimia 2 kama iko nje. Hiyo ni Sh56,000 au Sh28,000, na thamani inakadiriwa na mthamini wa serikali, si ninyi wawili. Kuna ada ya wakili, mpimaji, sachi, bodi na usajili. Mimi huwaambia watu watenge asilimia 10 juu ya bei, yaani hapa Sh140,000, na kitakachobaki kiende kwenye mbao za paa. Maana nyumba iliyofika lenta imekula nusu tu ya fedha zake, na mara nyingi hata nusu haijafika: bado paa, plasta, sakafu, milango, madirisha, choo, nyaya na tangi. Mlete fundi asiyejuana na muuzaji akukadirie hayo kabla hujataja bei. Reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zinazodaiwa ni za muuzaji mpaka siku ya kukabidhi, na ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida yake, ni wake pia. Akisema "nataka bei yangu safi, hayo mengine juu yako", basi hesabu na hayo kabla ya kukubali. Na akikushawishi muandike bei ndogo ili ushuru upungue, kumbuka siku mkigombana mahakama itakurudishia kile kilichoandikwa.

Mkomani nimeiacha mwisho kwa sababu si ununuzi kwanza, ni mirathi. Kuna swali moja ambalo mume wako lazima alijibu kabla ya lolote: kati ya bibi na babake, nani alitangulia kufa? Umeandika kama kwamba babake hayupo, na ami ndiye anayezungumza. Tuseme bibi alikuwa mjane na aliacha wana watatu na mabinti wawili. Mafungu yanakuwa manane: kila mwana mawili, kila binti moja. Kama bibi ndiye aliyetangulia, babake shemeji alirithi mafungu mawili, yaani robo, na alipofariki yakaingia kwa warithi wake, shemeji akiwemo. Basi mume wako tayari ni mmoja wa wenye nyumba, na anataka kununua robo ya pili. Lakini kama baba ndiye aliyetangulia, wana wa bibi waliokuwa hai wanawazuia wajukuu, na shemeji hana fungu kwa njia hiyo, isipokuwa bibi aliacha wasia, nao hauzidi theluthi ya mali. Nimeona familia zikinunuliana kwa miaka bila kuuliza tarehe za vifo.

Kwa mfano huo wa kwanza, ami akiuza robo kwa Sh500,000, maana yake ameikadiria nyumba nzima Sh2,000,000. Labda ni haki, labda nyumba imechoka. Lakini robo ya nyumba ya mawe ya Lamu utaikalia wapi? Huna ukuta unaoweza kusema ni wako. Shangazi mmoja akiwa naye amefariki baadaye, fungu lake limeshagawanyika tena: mumewe aliye hai anachukua robo ya fungu hilo, watoto wanachukua kilichobaki. Katika nyumba moja unaweza kukuta warithi 20, wengine Mombasa, wengine Ghuba. Njia iliyo sawa ni kwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo husikiliza mirathi ya Waislamu pale pande zote zinapokubali kuwa mbele yake, madeni na wasia vishughulikiwe, na kila mrithi ajulikane kwa jina na fungu lake. Baada ya hapo jambo linakwenda kwenye daftari la ardhi. Wakishasajiliwa kwa mafungu, mmoja akitaka kuuza kwa mtu wa nje anahitaji ridhaa ya maandishi ya wenziwe, ingawa hawaruhusiwi kuizuia bila sababu ya maana; kuuziana wenyewe kwa wenyewe ni rahisi zaidi. Shemeji akiwa ndani ya orodha, hilo litamsaidia.

Uliza pia kama nyumba, au uwanja wake, ni wakfu. Wazee wengi waliweka mali zao wakfu kwa msikiti au kwa kizazi chao, na wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi. Ofisi ya Makamishna wa Wakfu iko Mombasa. Wapelekee barua yenye maelezo ya nyumba na usubiri jibu la maandishi.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya hapo ulikuwa umeshatangazwa eneo la kuhifadhiwa na sheria za makumbusho. Huwezi kubomoa daka, kibaraza cha mlangoni, ukaweka geti la chuma, wala kuongeza ghorofa ya matofali ya saruji kwa sababu watoto wameongezeka. Ukarabati unahitaji kibali, na unahitaji fundi wa chokaa, ambaye si kila fundi. Ingia msana (ukumbi wa mbele) na ndani (chumba cha nyuma yake), tazama juu. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mkoko. Boriti huoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali usipopaona, kwa hiyo igonge karibu na ukuta usikie kama ina uwazi. Kama mtu ameupiga ukuta wa matumbawe plasta ya saruji, unyevu na chumvi vimefungiwa ndani. Utaona plasta imevimba na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinapukutika pembeni. Panda darini, mwaga ndoo ya maji na uangalie yanakwenda wapi. Kama kuna wikio, chumba kilichojengwa kuvuka juu ya njia, ulizia ni cha nyumba gani; mara nyingine kimeegemea ukuta wako lakini kinaingiliwa kwa jirani. Na kila gunia la chokaa litafika kwa punda au kwa bega, jambo ambalo utaliona kwenye bili ya fundi.

Ushauri wangu basi: Kisumu Ndogo acha, isipokuwa mwenye ardhi aje kwenye meza. Mkomani, shemeji aanze kesi ya mirathi hata kama hamnunui kitu, kwa sababu kila mrithi anayefariki anaongeza majina, lakini msilipe ami hata senti mpaka kadhi amesema nani ana nini. Ganda, ombeni nakala ya hati wiki hii. Muuzaji akizungushazungusha kwa wiki mbili, tafuteni ploti nyingine; Sh8,000 mnazolipa Barani zinauma, lakini miezi sita ya kodi ni Sh48,000, na hiyo ni chini ya arubuni ya nyumba moja.

Jambo la mwisho ni majina. Mkifika kuandika hati ya uhamisho, wakili atauliza kama mnataka kumiliki kwa pamoja au kwa mafungu, na watu wengi hujibu "pamoja" bila kufikiri kwa sababu linasikika vizuri. Mkimiliki kwa pamoja, mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai, na haiingii kwenye mirathi. Kwa wanaotaka mali yao ifuate faraidhi, mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, hilo halifai. Kwa mafungu, kila mtu fungu lake linakwenda kwa warithi wake. Na kwa kuwa mkopo utakuwa kwenye mshahara wako, dada yangu, mnaweza kuandika mafungu yasiyolingana, tuseme wewe 60 naye 40. Zungumzeni hilo nyumbani kabla ya kwenda ofisini, kwa sababu hati ikishasajiliwa, kubadilisha ni ada mpya na foleni mpya.